Shairi Lililomuua Mama Mdogo

Nilipomaliza chuo kikuu hapa Durban na shahada yangu ya fasihi, dunia ilinipokea kwa mikono miwili: mmoja ulinipa ovaroli, wa pili ukanipa kalamu ya kuhesabia maboksi ya sabuni. Ghala lilikuwa Mobeni, mtaa wa viwanda. Nilifanya kazi siku tatu kwa juma, nne mtu akiugua, na nikajifunza kuwaombea wenzangu mafua kwa unyofu ambao kanisani sikuwahi kuufikia. Siku zilizobaki nilikuwa msomi huru, yaani nililala chali nikifikiria makosa niliyoyafanya na yale ambayo bado sijapata nafasi ya kuyafanya.

Niliishi Berea, mtaa wa kilimani, kwenye flati ya chumba kimoja na nusu, pamoja na mama mdogo. Ni mdogo wake mama. Alinitoa Uvira, kule Kongo, nikiwa na miaka kumi na minne, akanisomesha kwa vidole vyake. Hapo sisemi kwa mafumbo. Alikuwa na saluni chini ya mteremko, karibu na soko la Warwick, ambako wateja walimwita Tantine, yaani shangazi kwa Kifaransa, na kila kitabu nilichofungua chuoni kilitokana na kichwa cha mwanamke fulani aliyekaa saa sita akisukwa rasta. Mama mdogo alisimama tangu asubuhi mpaka giza. Akirudi aliweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, akaniuliza, "Sasa, leo umefikiria nini?" Hakuwa ananikejeli. Aliamini kweli kwamba hiyo ndiyo kazi niliyosomea.

Kutembea nilianza kwa woga, si kwa ajili ya sanaa. Katika taxi za hapa, yaani daladala, hakuna anayekuuliza unashuka wapi. Abiria hupaza sauti mwenyewe, kwa Kizulu, mbele ya watu kumi na tano, na dereva huamua kama sauti hiyo inastahili breki. Mimi nilianza kuiandaa sentensi yangu mapema sana. Niliipima, niliisahihisha, nilitafuta pa kuweka neno la heshima. Mara mbili nilimaliza kuiandaa tukiwa tumeshapita. Mara ya pili nilishuka Cato Manor, ambako sikuwa na shughuli wala ndugu, nikarudi kwa miguu huku nikijifanya nimekusudia.

Tangu siku hiyo nilitembea kila nilipoweza, na nikagundua kwamba kuta za mji zilikuwa zimeandikwa mashairi kwa muda mrefu bila kunitaarifu. Chini ya daraja la barabara kuu, karibu na soko, nguzo moja nene ilikuwa na mistari sita ya Kizulu kwa rangi ya bluu, na juu yake uso wa mwanamume anayetazama mbali. Kizulu changu kilitosha kununua nyanya tu, kwa hiyo nilimwendea mama aliyekuwa akichoma mahindi pembeni ya nguzo, nikamwomba anisomee.

Aliutazama ukuta kama mtu aliyeonyeshwa doa kwenye nyumba ya jirani. "Anamkumbuka mama yake," alisema.

"Basi?"

"Hawu, ulitaka nini zaidi? Mwenyewe unaye mama?"

"Ninaye."

"Umempigia simu? Basi. Utachukua hindi?"

Nilichukua hindi. Katika miaka minne ya chuo sikuwahi kusikia uhakiki mfupi hivyo.

Kulikuwa na ngazi pia, zile za saruji zinazokata mteremko wa Berea kati ya nyumba kubwa kubwa zenye nyaya za umeme juu ya uzio. Kila ngazi ilipakwa maneno mawili au matatu ya Kiingereza. Nilizishuka ngazi hizo miezi miwili, nikasoma shairi hilo lililovunjikavunjika, nikastaajabia ujasiri wa mtunzi aliyeanza na kwaheri na kumaliza na salamu. Niliandika kurasa mbili za uchambuzi kuhusu wakati unaorudi nyuma. Kisha siku moja, badala ya kurudi kwa barabara ya magari kama kawaida yangu, nikazipanda. Lilikuwa shairi jepesi kabisa, linalomsalimia mtu anayekwenda kazini na kumwambia kwamba amebakiza hatua chache. Liliandikwa kwa ajili ya wanaopanda alfajiri kwenda kufua na kupiga deki nyumba za juu. Wenye nyumba hawalijui, maana wao hushuka kwa magari. Na mimi, mwana wa msusi, nilikuwa nimelisoma kwa mwelekeo wa wenye magari, tena kwa miguu.

Mwishoni mwa mwaka 2012 nilikutana na wachoraji wenyewe. Walikuwa Cato Manor, kikundi cha wasanii vijana, na ovaroli zao zilikuwa na rangi kila mahali isipokuwa magotini, ambako mtu anayefanya kazi huchafuka kwanza. Nilisimama ng'ambo ya barabara nusu saa nikiandaa namna ya kutosimama pale. Msichana aliyekuwa akiwaongoza akanifuata yeye.

"Unaandika?" aliniuliza.

"Naandika," nilisema. Nilikuwa na shairi moja.

"Kwa lugha gani?"

"Kiswahili."

"Kiswahili hatuna!" aliwaambia wenzake, kwa furaha ya mpishi aliyekumbuka chumvi. "Na ukuta? Unao ukuta?"

Watu wa kwetu hatuulizwi swali hilo mara nyingi. Nikamwambia ninao. Ulikuwa ukuta wa pembeni wa saluni, unaotazama kituo cha taxi, na haukuwa wangu hata tofali moja.

Jioni, miguu ya mama mdogo ikiwa kwenye beseni, nikamweleza kwamba wasanii wanataka kuchora picha yake ukutani, na chini yake maneno yangu.

"Bure?"

"Bure. Mwenye jengo wamekwisha kumwomba."

"Waniwekee hereni," alisema. "Zile kubwa."

Nilikusudia kumfafanulia kwamba si tangazo la biashara, ni shairi, na tena la Kiswahili. Tangu ile 2008, wageni tuliposhambuliwa mitaani tukajifunza kunyamaza kwenye foleni, saluni haikuwa na neno moja la Kiswahili upande wa nje. Maelezo haya yalihitaji uangalifu, nami niliyafanyia mazoezi siku nne. Siku ya tano mama mdogo alikuwa ndani ya basi la Johannesburg, kwenda kununua nywele za kusukia za Desemba. Alikuwa na desturi yake akifika kule: anaizima simu, anaifunga ndani ya kitenge tumboni, na haiwashi mpaka arudi Durban, kwa sababu alisadiki kwamba wezi wa Johannesburg husikia simu ikilia kutoka mitaa mitatu.

Wasanii walichora Ijumaa. Lazima nikiri kwamba waliweza. Ukuta mzima uliwekwa rangi nyeupe, na katikati uso wa mama mdogo, mkubwa kuliko mlango, macho yameinuliwa mbinguni kwa sababu msichana yule alitaka tumaini. Nyuma ya kichwa vitana vya manjano vimepangwa kama miale. Maua meupe kulia, maua meupe kushoto. Hereni zile kubwa. Na chini, kwa herufi nyeusi zilizonyooka, kazi yangu ya kwanza kuchapishwa:

Umesimama tangu asubuhi,
miguu inaijua sakafu kuliko udongo wa kwenu.
Keti sasa, kiti ni chako.
Sisi tuliobaki tutakusifu.

Pembeni, mlango wa saluni ulikuwa umefungwa kwa kufuli.

Kwetu mtu hachorwi ukubwa huo akiwa bado anapumua, isipokuwa awe rais. Sisi wengine picha zetu hukuzwa mara moja tu: siku ya matanga, zikisimamishwa mbele ya nyumba, maua pembeni na maneno mazuri chini, yale ambayo hatukuambiwa tulipokuwa na masikio ya kuyasikia. Kila Mkongo na kila Mrundi wa mtaa ule alilijua jambo hilo bila kusoma kitabu. Aliyekuwa amesomea ishara na maana zake ni mtu mmoja tu, na huyo alisimama mbele ya ukuta akijiuliza kama nukta ya mstari wa tatu haikukaa vizuri.

Jumamosi, nikielekea kazini Mobeni, nilipita kwa mama wa mahindi. Alinipa hindi bure. Alinishika bega, akalibana. "Eish," alisema. Nikajua kwamba umaarufu umeanza.

Kisha simu ikaanza kupokea ujumbe. Wa kwanza ulisema: "Tumeona ukutani. Tumelia." Nilikaa juu ya boksi la sabuni nikausoma mara tano. Wa pili: "Pole sana. Jikaze." Huu ulinitatiza. Wa tatu: "Pole, haya humfika kila mtu." Wa nne, wa tano na wa sita vilevile, pole, pole, pole, na mmoja kutoka kwa mtu tuliyesali naye: "Usijilaumu." Nikaelewa. Shairi lilikuwa baya kiasi kwamba watu walikuwa wakinifariji. Walipoanza kupiga, nikaizima simu, nikaomba zamu ya Jumapili pia, ili nisikutane na wasomaji wangu kanisani. Ndiyo maana sikuwepo mchungaji alipotangaza.

Jumatatu asubuhi nilimpokea mama mdogo kituo cha mabasi. Alikuwa na mifuko minne mikubwa, na furaha ya mtu ambaye hakuibiwa. Tukagawana mizigo, tukashuka kwa miguu kuelekea saluni. Njia nzima nilimwandaa. "Usitarajie makubwa," nilimwambia. "Watu hawakulipokea vizuri."

"Hereni waliweka?"

"Waliweka."

Tulipokata kona tukasikia kwaya. Kando ya ukuta wangu, juu ya barabara ya waenda kwa miguu, wanawake kama ishirini walikuwa wamekaa juu ya mikeka, vitenge vimefungwa kichwani kwa namna ya msiba. Sufuria la chai lilikuwa juu ya jiko la gesi. Mifuko ya sukari ilipangwa chini ya mistari yangu minne kama sadaka. Aliyeongoza wimbo alikuwa mama wa kwaya wa kanisa letu, Mrundi mnene mwenye sauti ya kupasua bati, aliyesukwa na mama mdogo kila mwezi tangu nilipokuwa sijui neno moja la Kiingereza. Alitupa mgongo.

Mama mdogo akatua mifuko. Kwa adabu, kama anavyofanya mtu aliyekuta msiba wa wengine, alishusha sauti akauliza, "Matanga ya nani?"

"Ya Tantine wa saluni," mama wa kwaya alijibu bila kugeuka. "Hukusikia? Kaanguka Johannesburg."

"Kaanguka na nini?"

"Banasema ni moyo."

"Maskini," alisema mama mdogo. Kisha: "Tantine gani?"

Mama wa kwaya akageuka. Akamtazama mama mdogo, akautazama ukuta, akamtazama tena, pengine akilinganisha hereni. "Yesu!" alisema, akakaa juu ya sufuria la chai, lililokuwa, kwa neema ya Mungu, na mfuniko. Wengine walitimua mbio hadi kwenye robot, ndivyo taa za barabarani zinavyoitwa hapa, na ilipokuwa nyekundu wakasimama wote kwa safu, maana hata mbele ya mzimu mgeni mwenye karatasi za muda hapendi kuvunja sheria za watu.

Waliporudi, mmoja mmoja, hawakurudi na furaha. Ungefikiri mtu akigundulika yu hai atapongezwa.

"Siku mbili tumelia!"

"Mimi nimeacha kazi Jumamosi!"

"Sasa ile picha ni ya nini, kama hukufa?"

"Nani aliandika haya maneno?"

Macho yote yalinijia. Nilikuwa nimesubiri miaka mingi kuulizwa swali hilo mbele ya hadhara.

"Na hii sukari?" mmoja aliuliza.

"Iacheni," mama mdogo alisema, akifungua kufuli. "Sukari haina kosa."

Ningependa kusema kwamba tulicheka. Tulicheka baadaye, miaka baadaye, na mimi hadi leo nacheka upande mmoja tu. Desemba ndiyo inayoubeba mwaka wa msusi: kila mwanamke anataka kichwa kipya kabla ya Krismasi, na kile kinachopatikana hapo kinailisha saluni hadi Machi, wakati vichwa vinapumzika. Desemba ile wateja hawakuja. Hawakuwa na chuki. Walimsalimu kwa heshima, kutoka ng'ambo ya barabara. Ila hakuna aliyekuwa tayari kuingiza kichwa chake katika mikono iliyokwisha kuliliwa. Walisema mikono ya namna hiyo hubaki baridi. Walisema nywele zitakatika. Mmoja, mwalimu wa Jumapili, alisema yeye haamini mambo hayo hata kidogo, akaenda kusukwa kwingine.

Mama mdogo hakunigombeza. Laiti angenigombeza, ningekuwa na kitu cha kuchambua. Alifungua saa kumi na mbili, akakunja nywele mpya za Johannesburg kwa rangi, akazikunjua, akazikunja. Kisha akakaa kwenye kiti cha wateja, akautazama mlango. Shairi langu lilikuwa limemwambia akae, na hilo ndilo agizo langu pekee maishani lililotiiwa neno kwa neno. Jioni hakuhitaji beseni la maji ya chumvi. Hakuniuliza nimefikiria nini. Siku moja tu alisema, akiwa amenipa mgongo, "Mwenye jengo amenisubiri kodi mpaka Januari."

Nilimtafuta yule msichana wa wasanii. Nilimweleza yote, nikamwomba warudi waufute ukuta.

"Lakini hilo ni jambo zuri ajabu!" alisema. "Jamii imeijibu kazi! Unajua sisi huota jibu kama hilo?"

"Hawaingii saluni."

"Ndiyo. Ndiyo. Kuna mvutano." Alikuwa akiandika. "Kuifuta itakuwa ni kuinyamazisha sauti yako."

Nikamwambia sauti yangu imezoea. Akasema watakaa kikao mwezi wa pili.

Kwa hiyo Jumamosi ya kabla ya Krismasi, asubuhi, nilichukua ngazi ya mwenye jengo, ndoo ya rangi nyeupe, kopo dogo la nyeusi lililosahauliwa na wasanii, ambalo sijui nililibebea nini, na brashi mbili. Kwa kawaida ningekaa siku tatu nikijiuliza nianze na uso au na maneno. Nilianza na maneno. Brashi ilipita juu ya "Sisi tuliobaki tutakusifu", na mstari ukaondoka kwa urahisi ambao uliniudhi kidogo.

"Unafanya nini?"

Mama mdogo alikuwa amesimama chini ya ngazi, kitana mkononi.

"Nafuta, mama mdogo. Nitafuta yote."

"Na uso?"

"Na uso."

"Weye una akili?" Hayo yalikuwa maneno makali ya kwanza kunipa kwa majuma mawili, na niliyapokea kama zawadi. "Juzi banasema nimekufa. Leo waamke wakute sipo hata ukutani? Si watasema sasa amezikwa? Shuka."

Nikashuka.

"Hapo ulipofuta, andika."

"Niandike nini?"

"Kwamba niko hai."

Nikafikiri. Nikamwambia kwamba mstari unaofaa ungetakiwa kushika mizani ya ile mitatu ya juu, lakini pia ubebe mabadiliko ya msimamo, na labda tuanze na taswira ya mkono, halafu...

Alininyang'anya brashi ya rangi nyeusi. Alipanda ngazi kwa miguu ile iliyovimba, na pale palipokuwa na sifa zangu akaandika kwa herufi kubwa zinazopanda na kushuka kama mteremko wenyewe: IKO MUZIMA. ANASUKA. INGIA. Yote kwa Kiswahili cha kwetu, upande wa nje, mbele ya kituo kizima cha taxi. Mimi nilishika ngazi tu.

Tukangoja. Saa mbili, saa tatu. Watu walisoma, wakapita. Saa nne mama wa kwaya alitokea kwenye kona akitembea upande upande, kama mtu aliyetumwa na wengine, na nyuma yake, kwenye robot, niliona vitenge vitano au sita vimesimama ingawa taa ilikuwa kijani. Aliusoma ukuta kwa sauti, polepole, mpaka mwisho. Kisha akaja mlangoni lakini hakuvuka kizingiti.

"Nipe mikono," alimwambia mama mdogo.

Mama mdogo akampa. Yule mama aliigeuza, akaibinya kila kidole kama anayechagua ndizi sokoni, akaiweka kwenye mashavu yake, akafumba macho.

"Iko moto," mama wa kwaya alisema hatimaye, si kwetu, bali kwa wale wa kwenye robot, kwa sauti ile ya kupasua bati. "Iko moto, njooni!" Akaingia, akakaa. "Nataka nywele kama zile za ukutani. Na unilipie ile chai ilinichoma."

"Nitakusuka vizuri, utasahau chai."

Walikuja. Wachache siku hiyo, wengi zaidi Jumatatu, na hawakuwa wengi kama Desemba nyingine, ila mwenye jengo alipopita Januari mama mdogo alikuwa amesimama. Jumatatu hiyo viti havikutosha, wakatandika ile mikeka ya matanga wakasubiri zamu juu yake, wakinywa chai yenye sukari ya msiba. Wengine kati yao hawakujua kusoma, na walikwama nje wakiutazama uso ule mkubwa kwa mashaka.

"Weye mwenye shahada," mama mdogo aliniita kutoka ndani, vidole vikienda. "Simama pale ukutani, uwasomee."

Nikatoka, nikasimama kando ya kazi yangu ya kwanza, nikakohoa kidogo kusafisha koo, nikafungua mdomo kwa mstari wa kwanza.

"Hapana ile yako!" alipaza sauti. "Ile ya chini tu!"

Nikasoma ile ya chini tu.